Uzito wa Goroli Hubebwa na Nani?



Gobore si kitu kigeni katika vijiji vya Masasi na Newala. Msimu wa mavuno unapokaribia, mlio wake husikika usiku kutoka mashambani, naye mtu hugeuka kitandani na kusema, "Wanawinga nguruwe," kisha hulala tena. Sisi tunasema usingizi huo umezidi. Yapo mazoea yanayoenea chini ya ukimya wetu, nayo ni kushindilia gobore kwa risasi nzito kuliko mtutu unavyoweza kustahimili. Goroli ndogo ikionekana haifai, hutafutwa kubwa. Kubwa ikionekana haifai, hukatwa kipande cha nondo. Hoja itolewayo ni moja: mnyama mkubwa ataka risasi kubwa. Hoja hiyo ni ya uongo, na ukweli wake hulipiwa na watu wasiokuwa na hatia.

KILIO CHA MKULIMA NI CHA HAKI

Tuanze kwa kumtendea haki mkulima. Familia iliyolima ekari mbili za mihogo na kunde yaweza kukuta asubuhi moja kazi ya miezi sita imefukuliwa. Nguruwe mwitu hawana sikukuu. Ngedere hushika zamu ya mchana, na katika bonde la Ruvuma tembo naye hupita. Kwa hiyo baba hupanda dungu, mama hulala kibandani na watoto, na shamba hulindwa kwa macho ya watu waliochoka.

Hatari ya ulinzi huo inajulikana. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwamo watafiti Watanzania, walichapisha hesabu ya watu zaidi ya 560 waliouawa na simba nchini tangu mwaka 1990. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa ile iliyoumia zaidi. Watafiti hao walionyesha kwamba simba huwafuata nguruwe hadi mashambani, na mtu aliyelala huko kumlinda mhogo wake ndiye anayekutana naye. Basi asithubutu mtu aliyeshiba kumwambia mkulima wa kusini kwamba malalamiko yake ni madogo.

Lakini kilio cha haki hakihalalishi kila dawa.

DAWA INAYOMUUA MGANGA

Baruti ikiwaka hugeuka gesi yenye joto kali, na gesi hiyo hutafuta pa kutokea. Risasi nyepesi huondoka upesi na kuifungulia njia. Risasi nzito hukawia, na katika kukawia kwake mgandamizo hupanda ndani ya mtutu. Ndiyo sababu viwanda vya risasi hupunguza baruti kadiri risasi inavyozidi uzito. Huko Marekani wapo wawindaji wengi wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani. Hao hupima baruti kwa mizani inayoonyesha sehemu ndogo ya gramu, hufuata vitabu vya vipimo, na wakibadili risasi kuwa nzito zaidi huanza upya na kiasi kidogo. Kwetu mizani ni kiganja cha mkono. Risasi ikiongezwa uzito, baruti nayo huongezwa, eti isaidie kuisukuma. Hapo makosa mawili hukutana katika bomba moja.

Na bomba lenyewe ni lipi? Mara nyingi ni lile lililokusudiwa kupitisha maji, lenye mshono ubavuni, likazibwa nyuma na fundi asiye na namna ya kulipima. Likipasuka, mara nyingi hupasuka nyuma, karibu na jicho na mkono wa mpigaji. Asiyefungwa na polisi hufungwa na upofu.

Wapo watakaosema, "Afadhali hatari hiyo, maadamu nguruwe anakufa." Hata hilo si kweli. Bunduki nyingi za kiwandani zina mifuo ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili iende wima, na risasi nzito, kwa kuwa ni ndefu, hudai mifuo inayozungusha kwa kasi zaidi. Gobore halina mifuo. Kipande cha nondo kikitoka humo hupinduka hewani na kwenda kitakako. Nguruwe hukimbia na jeraha, na mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kwa mtu wa kwanza atakayepita njia hiyo alfajiri kwenda kuchota maji. Au nondo hulikosa lengo kabisa na kulifikia dungu la jirani. Kwa hiyo uzito wa goroli haubebwi na nguruwe. Hubebwa na jirani, na mtoto aliyetumwa kushika tochi, na kijana anayejifunza kazi kwa mhunzi.

BIDHAA YA WATU WASIOTHAMINIWA

Historia yetu ilipaswa kutufundisha. Bunduki za kushindilia zililetwa Afrika kwa wingi kutoka Birmingham na Liège, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa binadamu. Sheria ya bunge la Uingereza ya mwaka 1813 ilianzisha mjini Birmingham nyumba ya kupimia mitutu, ambamo kila mtutu ulifyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Hata biashara ile ya fedha ilikiri kwamba mtutu usiopimwa ni hatari kwa mwenyewe. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki bora zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha mlango kwa gobore la jiwe na baruti ya kawaida. Silaha duni ilionekana yatufaa sisi.

Masasi ina haki ya pekee ya kulikumbuka hilo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta hapa watu waliokombolewa utumwani, ili waishi mahali ambapo mtu hauzwi. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, kusini yote ilijifunza kwa damu kwamba risasi haigeuki maji. Iweje leo tuamini kwamba bomba la maji hugeuka bunduki bila kudai malipo?

NANI ANAYEFAIDI?

Tuseme bila kuficha: si kila nondo inayoshindiliwa inamngojea nguruwe. Nguruwe hahitaji uzito ule. Wapo wanaoshindilia kwa ajili ya nyati na tembo, na nyuma yao yupo mtu mwenye fedha anayetoa baruti na kungoja mzigo. Sensa za mfumo wa Selous zilionyesha tembo karibu 39,000 mwaka 2009. Mwaka 2013 walibaki 13,084. Utajiri huo haukujenga zahanati hata moja katika vijiji vya waliotumwa. Mtoa fedha hapotezi kidole. Kijana wa kijijini hupoteza mkono, au uhai, au miaka yake gerezani, na mkewe hubaki akilima peke yake shamba lile lile linaloliwa na nguruwe.

Kwa Serikali tunalo neno pia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hukataza kutengeneza silaha bila leseni, nasi tunaiunga mkono. Septemba na Oktoba 2022 watu walipewa nafasi ya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Huo ulikuwa mwendo wa hekima. Lakini kumnyang'anya mkulima gobore na kumwachia nguruwe ni nusu ya haki. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi hutaja katika jina lake wanyama hatari. Mkulima anayeliwa mhogo wake kila usiku na nguruwe anauliza jasho lake yeye litafutwa na nani. Askari wa wanyamapori anayefika siku ya kukamata, afike pia siku ya kuomba msaada.

MWENYE NG'OMBE ALIYEONYWA

Kitabu cha Kutoka humtofautisha mtu ambaye ng'ombe wake ameua ghafla na yule aliyekwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake hupiga watu pembe, naye asimfunge. Huyu wa pili hudaiwa damu. Ndugu zetu, sisi tumekwisha kuonywa. Mzee wa jumuiya anayejua ni nyumba gani baruti inakaushwa karibu na jiko, naye akanyamaza kwa sababu hupelekewa paja la nyama, hawezi kusema siku ya msiba kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Twaomba basi kila jumuiya ifanye mambo manne. Kwanza, wazee waende kwa wahunzi wetu, kwa heshima na si kwa vitisho, wawaombe wafue majembe na mashoka, nasi tuahidi kuyanunua kwao. Pili, anayemiliki gobore kwa kibali asishindilie nondo, na asiye na kibali asindikizwe na viongozi wake kulisalimisha, asiende peke yake kwa hofu. Tatu, mashamba ya jirani yalindwe pamoja: mtaro na uzio mmoja kwa familia kumi huzuia nguruwe kuliko magobore kumi, na mahali tembo wapitapo watu wafunge kamba za pilipili na mizinga ya nyuki. Nne, kila uharibifu uandikwe: tarehe, shamba, mnyama, kiasi kilicholiwa. Orodha hiyo ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, nakala ibaki parokiani, na jibu lidaiwe.

Msimu ujao mlio ukisikika usiku, asigeuke mtu kitandani na kulala. Asubuhi aende kuuliza ni nani aliyepiga, alishindilia nini, na kama wote waliokuwa shambani wamerudi nyumbani.