Macho ya Paka na Midomo ya Wajomba

Juzi kwenye arobaini ya mtoto, mjomba mmoja, vidole bado vinang'aa mafuta ya pilau, aliwasha tochi ya simu akammulika mtoto usoni. "Haya macho ya paka kayatoa wapi? Kwetu hayapo." Watu wakacheka. Mama mtoto hakucheka. Baba mtoto, ambaye ndiye alitakiwa kusema neno, akajifanya anatafuta kachumbari.

Macho yale ni kahawia karibu na mboni, na kijani kwa mbali kuelekea ukingoni. Sasa sikilizeni: kijani hicho hakimo jichoni. Duara linalozunguka mboni lina melanini, ileile iliyo kwenye ngozi ya mjomba. Ikijaa, jicho huwa kahawia iliyokolea. Ikipungua, mwanga hutawanyika humo kama unavyotawanyika angani, ukichanganyika na kahawia iliyobaki ndipo tunaona kijani. Ndiyo maana sebuleni macho hayo ni kahawia, uani juani ni kijani, na mama mkwe anaanza kunong'ona habari za majini. Hakuna kilicholetwa. Kimepungua tu, na upungufu hauhitaji mgeni wa kuingilia dirishani.

Tena mtoto mwenyewe ana siku arobaini! Melanini ya macho huendelea kujengeka miezi ya mwanzo, kwa wengine hata mwaka mzima. Hukumu imetoka kabla shahidi hajaota jino.

Eti "kwetu hayapo." Mmejuaje? Picha pekee ya babu mzaa babu ni nyeusi na nyeupe, na kafinya macho kwa jua.

Wengine huja na biolojia ya kidato cha nne, B kubwa ya kahawia na b ndogo ya macho mepesi. Kanuni hiyo ya macho waliitangaza Charles na Gertrude Davenport wa Marekani mwaka 1907, na Charles huyo baadaye akawa kinara wa kampeni za kuamua nani azae na nani asizae. Hata hao hawakusema wazazi wenye macho ya kahawia hawawezi kupata mtoto wa macho mepesi. Kanuni yao inaruhusu! Mnamtuhumu mwanamke kwa somo mlilofeli. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza karibu watu 195,000 walitaja maeneo 61 ya vinasaba yanayogusa rangi ya macho. Mjomba yeye ana tochi.

Mojawapo ya jeni hizo ni OCA2, ambayo hitilafu yake ndiyo chanzo kikuu cha ualbino hapa Tanzania. Kupungua kwa melanini tunako humuhumu ndani. Hakukungoja meli ya Mreno.

Na unafiki wenyewe! Bibi harusi wa ukoo huohuo akivaa lenzi za kijani za kununua mtaani, ambazo hakuna daktari aliyempimia, wajomba ndio wa kwanza kumtunza.

Anayetaka kujua nani kabambikiwa, vinasaba hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Gharama alipe aliyeuliza. Na kama kweli mna hamu ya kuchungulia macho ya watoto, mkikuta ya bluu kabisa, mpelekeni mtoto akapimwe usikivu: ipo hali ya kurithi iitwayo Waardenburg, ambayo mara nyingine huja na uziwi. Kipimo hicho sijamsikia mjomba yeyote akikitaja.