TAHARIRI: Mhamiaji hana uharamu

KWA miaka mingi vyombo vya habari vya Kiswahili, na sisi tukiwamo, vimekuwa vikiandika "wahamiaji haramu" bila kusita. Polisi wakisema, tunanakili. Idara ya uhamiaji ikisema, tunanakili. Kuanzia sasa maneno hayo hayatapita katika habari zetu kama maneno yetu wenyewe, na kazi ya kuyanasa tumeipa programu ya kompyuta.

Programu hiyo inaitwa Vale. Iliandikwa na Joseph Kato na inatolewa bure. Haina vitufe vya kubonyeza: unaandika amri kwa herufi, jina la programu kisha jina la faili lenye habari, nayo inakurudishia mistari yenye kasoro. Kiswahili haikijui. Kanuni tunaiandikia sisi: ukikuta "mhamiaji" au "wahamiaji" na neno linalofuata ni "haramu", toa onyo, pendekeza "asiye na kibali" au "wasio na vibali". Kila kanuni hupewa uzito wake, kuanzia pendekezo hadi kosa. Tena inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo ndugu zetu walioko China watalithamini upesi.

Kwa nini tuhangaike hivi kwa neno moja? Twende Sanyuanli, mjini Guangzhou, kwenye masoko ya mabegi ya ngozi na nguo ambako Waafrika wengi hununua mzigo. Visa ni fupi, kiwanda kimechelewesha, kontena halijajaa, na siku zinakwisha. Sheria ya China iliyoanza kutumika Julai 1, 2013 inasema kosa la kupitiliza muda likiwa zito, faini ni yuani 500 kwa siku, isizidi 10,000, au kizuizini siku 5 hadi 15. Ni kosa, wala hatulitetei. Lakini kinachoadhibiwa ni kukaa bila kibali, siyo kuzaliwa na mama fulani.

Maana kwa Kiswahili haramu si "kinyume cha sheria" tu. Nguruwe kwa Mwislamu ni haramu, riba ni haramu, na mwanaharamu ni tusi linalomrudia mama. Mzazi aliyeko Tandika au Kisauni akisoma kwetu kwamba mwanawe ni haramu, hasomi habari ya visa.

Na maneno haya hayabaki kwenye ukurasa. Julai 15, 2009 Waafrika zaidi ya 100 waliandamana hadi kituo cha polisi huko Guangzhou, baada ya mtu kuumia vibaya akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika mjini humo walifukuzwa majumbani na kukataliwa hotelini, hata wenye visa halali, na mabalozi wa Afrika wakaandika kulalamika. Mlangoni hakuna aliyeuliza kibali kwanza.

Programu ina mipaka yake. Waziri akitamka maneno hayo, tutamnukuu alivyosema. Programu itapiga kelele na mhariri ataipuuza. "Biashara haramu" itabaki, kwa kuwa kanuni yetu inagusa watu tu. Na mwandishi mjanja akiandika "wageni wa haramu", itapita kimya mpaka tuiongezee kanuni.

Tumekwisha iongezea nyingine mbili. "Shilingi" isiyotajwa ni ya Tanzania, Kenya au Uganda itazuiwa, na "saa 2 usiku" isiyo na jina la mji vilevile, kwani saa 2 usiku ya Dar es Salaam ni saa 7 usiku ya Guangzhou, na kuna waliokwisha kesha bure wakisubiri simu kwa sababu yetu.

Bado tunabishana chumbani kuhusu "wazamiaji". Wenzetu wawili wanasema ni utani wa vijana wenyewe, hauna ubaya. Wengine hatujashawishika. Msomaji uliyewahi kuitwa hivyo, tuandikie.