Chumvi Si Mshtakiwa wa Pekee

Najua mmezoea kunikuta hapa nikizungumza juu ya tarakilishi na programu. Leo niruhusuni niguse mtambo mgumu zaidi ya hiyo yote: mwili.

Mwezi uliopita nilienda duka la dawa kumchukulia mama vidonge vyake vya presha. Dada wa pale akaniambia, "Hebu keti nikupime nawe." Nikacheka. Nina miaka 28, si mnene, sivuti sigara. Mashine ikasoma 148 kwa 94. Nikapumzika dakika tano, akarudia: 146 kwa 92. Presha huhesabiwa kuwa juu kuanzia 140 kwa 90, ikionekana hivyo siku tofauti. Nilirudi baada ya siku mbili na hali ikawa ile ile.

"Punguza chumvi," akashauri. Ushauri mzuri, lakini chakula changu hakina chumvi nyingi. Basi nikafanya kama nifanyavyo programu inapokwama: nikaandika kila kinachoingia. Chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Usiku kazini, soda ya nusu lita. Jumla karibu gramu 90! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya namna hii isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki 25, yaani vijiko 6 hivi.

Sukari na presha wapi na wapi? Jibu liko kwenye neva. Shingoni, katika mishipa ipelekayo damu kichwani, na pia katika mshipa mkuu utokao moyoni, kuna neva zinazopima jinsi ukuta wa mshipa unavyovutika. Damu ikisukuma kwa nguvu, zinapasha ubongo habari, nao unaamuru moyo upunguze kasi na mishipa ilegee. Presha ikishuka, amri inageuka. Sijawahi kuandika programu inayojirekebisha vizuri hivyo.

Sasa mwaga sukari humo. Insulini inapanda, na insulini huamsha neva za hali ya hatari, zile zile zinazokutimua mbio ukiona nyoka. Pia huziambia figo zizuie chumvi isitoke. Kwa hivyo chumvi na sukari ni washirika, si mahasimu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, walichapisha jaribio ambamo vijana wenye afya walinywa maji yenye gramu 60 za fruktosi. Presha yao ilipanda. Glukosi ya kiasi hicho haikuipandisha vivyo. Na sukari yetu ya mezani ni nusu fruktosi, nusu glukosi.

Kinachonitisha zaidi ni hiki: presha ikikaa juu muda mrefu, zile neva huzoea. Zinaanza kuilinda hali mbovu kana kwamba ndiyo ya kawaida. Kosa limegeuka kuwa kanuni ya mfumo, na wewe huhisi lolote.

Sisemi sukari ndiyo chanzo pekee. Kuna urithi (mama ni shahidi), unene, pombe, usingizi haba na hiyo chumvi yenyewe. Ninachopinga ni mazoea yetu ya kusema "ni mawazo tu" huku tukikoroga kijiko cha nne. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha ya juu. Haiwezekani sote tuna mawazo.

Kazini nimeomba soda ya bure ya usiku ibadilishwe iwe maji. Wenzangu wamenuna, na mmoja ameniita daktari wa bandia. Sawa. Nyumbani, mimi na mama sasa tunatia kijiko kimoja. Yeye hajaacha vidonge vyake, na wewe usiache vyako kwa sababu ya maneno yangu. Mimi nina siku ya kumwona daktari wiki ijayo.

Ombi langu ni moja: wiki hii pita mahali upimwe, hata kama una miaka 20 na kitu. Mimi nilidhani mgonjwa ni mama peke yake.