Chungu cha Mnyonge Nacho Kipimwe

Jarida moja litolewalo hapa mjini limechapisha, katika toleo lake la karibuni, orodha ya migahawa kumi iliyoitwa bora kuliko yote katika Mji wa Zanzibar. Tangu orodha hiyo itoke, mazungumzo hayajakatika barazani, madukani na hata maofisini. Wako walioifurahia, wako walioicheka, na wako walioghadhibika. Sisi tumeisoma zaidi ya mara moja, na kwa kuwa jambo lenyewe linagusa riziki za watu wengi na jina la mji wetu, tumeona si haki kulinyamazia.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba kujadili migahawa ni kazi ya watu walioshiba, na kwamba gazeti la wananchi lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Hatukubaliani nao. Chakula si jambo dogo katika visiwa hivi. Wazee wetu hawajasahau foleni za mchele, unga na sukari za mwanzoni mwa miaka ya sabini, na aliyewahi kupanga foleni hawezi kusema kwamba chungu ni jambo la upuuzi. Aidha, mapishi yetu ni kumbukumbu ya historia yetu. Chukua bakuli moja tu la urojo: bajia na kachori asili yake ni Bara Hindi, muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika, nazi na embe bichi ni za mashamba yetu wenyewe. Vyote hivyo vimekutana katika bakuli la mtu wa kawaida, likawa chakula ambacho mgeni akishakila hapa hakisahau. Kwa hiyo jarida halikukosea kuandika juu ya vyakula. Tunalohoji ni mizani lililotumia kupimia.

Migahawa yote kumi iliyotajwa iko Mji Mkongwe au katika mahoteli ya ufukweni. Hakuna hata mmoja ulio upande wa pili wa Darajani. Anayeujua mji huu anajua kwa nini upande huo uliitwa Ng'ambo. Palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na mitaa ya wachukuzi, mafundi na vibarua, na utawala wa Kiingereza ukaufanya mpaka huo wa maji kuwa mpaka wa watu: huku majumba ya mawe, kule nyumba za udongo na makuti. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ilijenga majumba ya Michenzani huko Ng'ambo, kwa nia ya kuonyesha kwamba mwananchi wa upande ule naye ana haki ya kuishi kwa heshima. Mkono ule wa bahari umekwisha kufukiwa zamani. Leo mtu huuvuka kwa miguu asijue kwamba amevuka kitu. Watunga orodha, cha ajabu, hawakuweza kuuvuka.

Je, Kikwajuni hakupikwi? Miembeni, Kwahani, Jang'ombe na Magomeni watu wanakula hewa? Wafanyakazi wanaofungua ofisi za Serikali asubuhi, madereva, mafundi, walimu wa skuli na wanafunzi wao, wengi wao hupata chai na mkate wa kumimina, au wali na samaki, kwa watu ambao majina yao hayajapata kuandikwa popote. Orodha inayoitwa ya mji wote, nayo imeacha vyungu vinavyolisha wengi wa mji huo, ingefaa kupewa jina jingine. Ingeitwa orodha ya migahawa ya wageni, na sisi tusingekuwa na la kusema.

Pili, ipo hoja ya ushahidi. Wahenga wamesema: asifuye mvua imemnyea. Orodha hii haikueleza ni nani alikula, alikula mara ngapi, wala nani alilipa. Katika kurasa zilizo jirani na orodha hiyohiyo mna matangazo ya baadhi ya mahoteli yaliyosifiwa. Hatusemi kwamba jarida limehongwa. Hilo hatuna ushahidi nalo, na kumtuhumu mtu bila ushahidi ni dhambi, tena ni kosa. Tunachosema ni kwamba mwenye kutoa hukumu hadharani ana wajibu wa kuondoa shaka kabla hajaulizwa. Sisi tuliokaa chuoni utotoni, kabla hatujashika slate za skuli, tulifundishwa mapema adhabu ya wapunjao vipimo. Mizani haikuwekwa kwa ajili ya mchele na karafuu peke yake. Sifa nayo ni bidhaa, na anayeigawa kwa upendeleo anapunja kama apunjavyo mwenye duka.

Hatudai jambo lisilowezekana. Kitabu cha Michelin, ambacho wapishi wengi wa Ulaya hukihofu kuliko mtoza kodi, kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na ndugu wawili watengenezaji wa tairi. Walitaka wenye magari wasafiri sana, ili tairi ziishe upesi. Kwa hiyo hata orodha yenye sifa kubwa kuliko zote duniani ilizaliwa na biashara, na hatuoni aibu kulisema hilo. Lakini kitabu hicho, kilichoanza kutoa nyota mwaka 1926, kilijijengea heshima kwa kanuni mbili ambazo mtoto wa skuli anaweza kuzielewa: mkaguzi hajitambulishi kwa mwenye mgahawa, na mkaguzi hulipa chakula chake. Kama jarida letu lina wivu wa maendeleo na linataka kuiga Ulaya, basi na liige hili, lisiige nyota peke yake.

Ipo na habari nyingine tunayopenda wakuu wa Serikali waitie maanani. Mwaka 2016 kitabu hichohicho kilitoa nyota kwa vibanda viwili vya chakula katika kisiwa cha Singapore. Kimoja kilikuwa kibanda cha kuku na wali, ambapo mteja hupanga foleni akiwa na sahani ya bei nafuu kabisa. Watu wengi duniani walistaajabu. Aliyeijua historia ya kisiwa kile hakuwa na sababu ya kustaajabu. Wachuuzi wa chakula wa Singapore walikuwa wametapakaa barabarani, bila maji wala mahali pa kumwaga uchafu. Kati ya mwaka 1971 na 1986 Serikali yao iliwahamishia katika masoko ya chakula yaliyojengwa kwa ajili yao, yenye maji, umeme na mifereji ya maji machafu. Kuanzia mwaka 1997 kila kibanda kikapewa alama ya usafi, kutoka A hadi D, ionekane na kila mteja. Mwaka 2020 utamaduni huo wa vibanda ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ilianza kazi ya Serikali, ikafuata kazi ya mpishi, na nyota ikaja mwisho.

Nasi tunao mfano wetu hapa nyumbani, wala hatuna haja ya kupanda ndege. Bustani ya Forodhani, ambako jioni huchomwa mishkaki na pweza na kukamuliwa miwa, ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati uliofanywa kwa msaada wa Aga Khan. Wachuuzi walipangwa, taa zikawekwa, njia zikasakafiwa. Leo mgeni na mwenyeji hukaa ukuta mmoja wakila sahani moja. Kama mpango kama huo umewezekana Forodhani, mbele ya macho ya watalii, kwa nini usiwezekane katika mitaa ambayo watalii hawafiki?

Tunalo pia funzo chungu zaidi. Mwaka 2016 huohuo, kipindupindu kilipozuka Unguja, Serikali ililazimika kupiga marufuku kwa muda uuzaji wa vyakula na vinywaji vya barabarani. Hatua ile ilikuwa ya lazima, na sisi hatuilaumu. Roho za watu hazina mbadala. Lakini maradhi yale hayakutokana na mkono wa mpishi peke yake. Yalitokana na uhaba wa maji safi na uchafu uliozagaa. Mchuuzi alifungiwa riziki yake kwa kukosa kitu ambacho yeye mwenyewe hana uwezo wa kukileta mtaani.

Katika kuandika maoni haya tulimwendea mama mmoja wa Ng'ambo ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipika chapati na maharage ya nazi kabla ya adhana ya alfajiri. Tulimsomea orodha ya jarida. Alisikiliza hadi mwisho huku akigeuza chapati zake, kisha akatuambia: "Wanangu, mimi nambari sina haja nayo. Nipatieni mfereji wa maji hapa karibu, na nisifukuzwe." Ndoo zake za maji huletwa kwa mkokoteni, na kila ndoo huilipia. Tumekwisha kusoma taarifa nyingi za wataalamu juu ya utalii na uchumi. Hatukumbuki iliyosema mengi kwa maneno machache kiasi hicho.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hofu yetu. Orodha ya jarida, ikibaki mikononi mwa msomaji anayetafuta pa kula siku ya mapumziko, haina madhara makubwa. Lakini orodha ina tabia ya kupanda ngazi. Ofisa huiweka mezani. Mgeni wa Serikali akija, hupelekwa namba moja. Semina ikifanyika, chakula huagizwa namba mbili. Inapofika siku ya kupanga nani apewe nafasi katika eneo zuri na nani aondolewe kwa kuwa anachafua mandhari, yule asiyekuwamo katika orodha huonekana kama hayumo mjini. Watalii waliofika Zanzibar mwaka 2024 walizidi laki saba. Fedha wanayoiacha ni nyingi, na mlango unaoelekeza fedha hiyo upande mmoja tu wa Darajani ni mlango wa dhuluma, hata kama aliyeufungua hakukusudia.

Haki yao tuwape wanaolitetea jarida. Wanasema migahawa iliyotajwa ni misafi, ina leseni, inalipa kodi na imeajiri vijana wetu. Ni kweli, na tunaipongeza. Wanasema pia kwamba jarida si la Serikali, na lina uhuru wa kusifu limtakaye. Hilo nalo ni kweli, na hatutaki afungwe mdomo mtu yeyote. Lakini uhuru wa kusema unakwenda sambamba na uhuru wa kujibiwa, na haya ndiyo majibu yetu. Tena tungeliomba jarida jambo moja dogo: bei zake zote limezitaja kwa dola. Kanuni zilizotolewa nchini mwaka 2025 zinakataza kutaja bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni. Mzanzibari anayetaka kumpeleka mkewe kula asilazimike kwanza kuuliza bei ya dola.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza ni la jarida lenyewe. Litakapotoa orodha nyingine, lieleze nani alikula, mara ngapi, na kwamba alilipa kutoka mfuko wa jarida. Na livuke Darajani. La pili ni la Kamisheni ya Utalii na taasisi za Serikali kwa jumla. Zisiigeuze orodha ya biashara kuwa mwongozo wa kazi, bali zianze kuagiza chakula cha baadhi ya shughuli zao kwa mama lishe wa mitaani waliothibitishwa kuwa wasafi. La tatu ni la Wakala wa Chakula na Dawa pamoja na Mabaraza ya Manispaa. Pawe na alama ya usafi inayobandikwa mahali inapoonekana, ileile kwa hoteli ya ghorofa na kwa meza ya barabarani. Lakini mfereji utangulie ukaguzi. Mkaguzi asiende kumnyima alama mtu ambaye Manispaa haijamfikishia maji.

Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji mmoja katika kila kumi. Siku ambayo mama yule wa chapati atakuwa na maji karibu yake, na alama ya usafi juu ya meza yake, na awe amehesabiwa pamoja na wenzake wa majumba ya mawe, jarida lichapishe orodha yake tena. Hata kama atakuwa wa mwisho, tutaisoma kwa furaha, kwa kuwa tutajua kwamba chungu chake nacho kimewekwa kwenye mizani.