Majitaka ya Mweiga na Maji ya Kipini

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hafiki mbali kabla ya kukutana na Mto Tana. Kipini, mahali unapoingia katika Bahari ya Hindi, ndipo linapoonyeshwa kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo. Tusilolikumbuka ni kwamba sehemu ya maji hayo hutoka katika milima ya Nyandarua, jirani na mji mdogo wa Mweiga. Mto Amboni hushuka kutoka huko hadi Sagana, na Sagana ndiyo Tana ya juu. Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Taka nazo huufuata mkondo uo huo.

Wapo wanaodai kuwa mji wenye watu wachache hauwezi kuuchafua mto, na kwamba mtambo wa kusafisha majitaka ni anasa ya miji mikubwa. Dai hili halina mashiko. Karibu na chimbuko lake mto huwa mwembamba. Wakati wa kiangazi maji yake hayatoshi kuzimua uchafu. Bakteria wanaoozesha taka huimaliza oksijeni iliyomo majini, samaki wakafa. Isitoshe, anayechota maji hayo huko chini na kuyanywa bila kuyachemsha hujiweka katika hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo.

Mji mdogo hauhitaji mashine za fahari. Mabwawa ya mfululizo yanatosha. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope huzama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Katika la pili, mwani hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni, na bakteria wengine huendeleza kazi. Katika la mwisho, lenye kina kifupi, jua huua vimelea vingi vya maradhi. Ndipo maji hurudishwa mtoni. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka oksijeni inayohitajika kuozesha taka zilizosalia, ikipimwa kwa siku 5, isizidi miligramu 30 kwa lita.

Ni kweli kwamba mabwawa hula ardhi, na ardhi ya Nyeri ni ghali. Ni kweli pia kuwa bwawa lisiloondolewa tope hunuka, na hakuna apendaye kuishi kando yake. Lakini hizo ni hoja za kudai matunzo bora na fedha za kuyagharimia. Si hoja za kuuachia mto mzigo wetu. Mji jirani wa Nyeri una mtambo wake huko Kangemi, na Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 haikuwabagua wakazi wa miji midogo ilipotaja haki ya usafi na ya maji salama.

Je, sisi wanakiswahili tunahusikaje? Kanuni nilizozitaja ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima atakayeombwa kutoa maoni kuhusu bwawa litakalochimbwa karibu na shamba lake atayatoaje ikiwa hajaelezwa kwa lugha anayoielewa? Maneno tunayo: majitaka, tope, mwani, vimelea. Hayahitaji kamusi mpya, yanahitaji waandishi. Vyama vyetu, ambavyo kila mwaka hujadili istilahi kumbini, havina budi kutoa vijitabu vifupi na kuvifikisha Mweiga na kwingineko. Tukiihifadhi fasihi ya Kipini huku tukiyapuuza maji yanayoifikia, tutakuwa tumehifadhi nusu tu ya urithi wetu.