Boti ya Zamani Haihitaji Rangi, Inahitaji Mifupa Mipya

Leo naandika kuhusu boti, na najua kuna mtu wa Litein atauliza boti inatoka wapi katikati ya majani chai. Tulia, tutafika.

Kuna aina ya video imejaa mtandaoni siku hizi. Mtu ananunua boti kuukuu ya skii, ile ndogo ya kumvuta mtu aliyesimama juu ya maji akishikilia kamba. Anaipiga msasa, anaipaka rangi, anabadilisha viti, anaweka spika na ngoma kali. Kwa sekunde 60, kitu kilicholala kwenye nyasi miaka na mikaka kinang'aa kama kimetoka kiwandani jana. Watu wanamwaga moto kwenye komenti. Mimi nasema hiyo si kufufua boti. Hiyo ni kumpiga maiti pasi.

Nasema hivi kwa sababu kuna yadi moja hapa Kericho, ya fundi wa kutengeneza bampa za matatu, ambako boti ya aina hiyo ililetwa juu ya trela. Mwenyewe alitaka rangi tu. Fundi akachukua shilingi 20, akaanza kugonga sakafu kwa ile sarafu, pole pole, kutoka mbele hadi nyuma. Mahali pazima palilia ti, ti, ti. Mahali pabovu palilia du, kama unagonga boksi lililonyeshewa. Kuelekea nyuma, sehemu ambayo watu wa Pwani wanaiita tezi, ilikuwa du du du mpaka mwenye boti akanyamaza.

Wacha nieleze kinachooza, maana wengi wanadhani boti ya faiba haiozi. Faiba yenyewe haiozi. Shida ni kilicho ndani yake. Boti za skii zilianza kutengenezwa kwa faiba zamani. Ski Nautique ya faiba ilitoka 1961, na MasterCraft ilianza 1968. Kwa miaka mingi baada ya hapo, boti nyingi za namna hii zilikuwa ngozi ya faiba iliyovalishwa juu ya mbao: mihimili mirefu chini ya sakafu, plaiwudi kwenye sakafu yenyewe, na kwenye boti nyingi ubao mzito kule tezi. Halafu mtu akatoboa tundu la skrubu kufunga kiti. Mwingine akatoboa kufunga spika. Kila tundu ambalo halikuzibwa vizuri ni mlango. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, na mbao inageuka kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu. Zingine zilijazwa povu chini ya sakafu ili zielee, na povu hilo likizeeka hunywa maji kama sponji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Boti inaweza kubeba uzito wa watu wawili ambao hawakulipa nauli.

Na hapa si mambo ya urembo tena. Katika boti ya skii ambayo injini iko katikati, injini imefungwa kwa bolti kwenye mihimili hiyo hiyo. Ile nguzo ya kufungia kamba ya mtu wa skii nayo inategemea sakafu na mihimili hiyo. Kwenye mashindano ya slalomu, boti ya wanaume hufika kilomita 58 kwa saa, na mtu akikata kona anaivuta kwa nguvu zaidi ya uzito wake. Sasa fikiria nguzo hiyo imeshikwa na mbao iliyooza, juu yake rangi mpya nyekundu. Video haitaonyesha siku bolti zinang'oka.

Kwa hivyo mimi niko upande wa kukata. Ng'oa sakafu, toa mbao zote zilizooza, toa povu lililolowa, acha ngozi ya nje ikauke vizuri, halafu ujenge mifupa upya kwa kompoziti: mbao za povu gumu zisizonyonya maji, zifunikwe kwa kitambaa cha faiba na epoksi. Kama hujui povu gumu ni nini, tazama lori la kusafirisha maziwa baridi likipita Bomet. Ukuta wake ni povu katikati, ngozi ngumu huku na huku. Ni mwepesi na mkakamavu. Akili ni ile ile. Hatuko mbali na teknolojia hii kama tunavyojiambia.

Kuna hoja moja ya kwetu kabisa ambayo kwenye video za Marekani huwezi kuisikia. Kericho haina ziwa. Ukitaka kuteleza kwa skii utapanda na trela mpaka Naivasha, au utateremka Kapsoit, Awasi, Ahero, ufike Kisumu. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Naivasha inakaribia mita 1,900. Hewa ni nyepesi huku juu. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hivyo ukiwa Naivasha karibu moja ya tano ya farasi wako wamebaki Mombasa. Mtu wa ufuoni anaweza kuvumilia kilo 150 za maji sakafuni. Wewe huwezi. Boti haitainuka, mtu wa skii atakuwa anaburutwa akinywa ziwa. Huku kwetu boti kavu na nyepesi ndiyo inafanya kazi, basi.

Sasa wale wa "orijino". Kuna wazee wa boti, na vijana wanaojifanya wazee, wanaosema ukitoa mbao umeua boti. Ati roho yake iko kwenye mbao. Nawaheshimu, lakini hapana. Angalia mchai. Kila miaka mitatu au minne unakatwa mpaka unabaki kisiki kisicho na jani hata moja, mgeni akipita anadhani shamba limechomwa. Kericho kuna chai iliyopandwa miaka ya 1920, na hakuna jani hata moja la miaka hiyo lililobaki mtini. Nani amewahi kusema hiyo si chai ile ile?

Au twende Lamu, ambako watu wanajua boti kuliko sisi wote. Jahazi la FlipFlopi lilishushwa majini Septemba 2018, mita zipatazo 9, limetengenezwa kwa tani kama 10 za plastiki iliyookotwa, nje limevalishwa patapata karibu 30,000. Aliyeongoza ujenzi ni Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar, na 2021 likaja Ziwa Victoria, jirani kabisa na sisi. Plastiki ilikatwa na kuungwa kwa mikono iliyozoea mbao. Kama Lamu hawakulia ati jahazi limekufa, wewe wa Kapkatet unalilia plaiwudi ya Marekani kwa nini?

Lakini nisije nikawauzia ndoto. Epoksi na povu gumu ni ghali, na vingi vinatoka nje. Mtu asiye na doo akatumia plaiwudi nzuri ya baharini, akaifunika kwa epoksi pande zote, na kila tundu akalijaza epoksi kabla ya kupitisha skrubu, atakuwa na boti ya kumfaa miaka mingi. Hiyo ni bora mara kumi kuliko povu la bei mbaya lililobandikwa na mtu mwenye haraka. Na wale wa kabonifaiba, tafadhali. Kwanza mnayoijua nyinyi ni stika ya kwenye Probox. Pili, kaboni ikigusana na alumini penye maji, alumini inaliwa. Boti ya skii ya kujifurahisha haihitaji kaboni, inahitaji mtu aliyepima vizuri.

Kupima ndiko wengi wanakofeli, hasa kwa baridi yetu. Mafundi wa hapa wamezoea resini ya poliesta, ile ya bampa. Ile unaweka dawa ya kugandisha asilimia 1 au 2, na siku ya baridi unaongeza kidogo ndani ya kiwango, inashika. Epoksi haina mchezo huo. Kama mkebe umeandikwa 2 kwa 1, ni 2 kwa 1, asubuhi na jioni, mvua na jua. Ukiongeza dawa ukidhani unaiharakisha, itabaki laini kama ubani uliotafunwa, na dawa yake ni kukwangua yote. Usiku wa Kericho unakaribia nyuzi 10, alasiri mvua inagonga mabati karibu kila siku, na epoksi inayoganda kwenye baridi na unyevu hutoa utelezi kama nta juu yake. Tabaka linalofuata halishiki mpaka uoshe kwa maji na usugue. Fundi yule wa yadi hupaka asubuhi umande ukishakauka, na saa saba mchana brashi ziko chini. Ameweka na balbu za kufugia vifaranga chini ya turubai ili joto lisishuke usiku. Nilicheka, halafu nikagusa ile kazi yake. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Tena, ule mkeka wa nyuzi za faiba zilizotawanyika, ambao kila gereji iko nao, umeshikanishwa kwa gundi inayoyeyuka kwenye poliesta. Kwenye epoksi haiyeyuki vizuri, mkeka unakaa mkavu na mgumu kulala kwenye kona. Tafuta kitambaa kilichoshonwa. Nimeona watu wakilaumu epoksi kumbe kosa ni mkeka.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya boti. Hawa mafundi wa faiba tunaowaita wa bampa wanafanya kazi ya kemia bila kinga. Vumbi la faiba linapitia leso waliyojifunga puani. Ile dawa ya poliesta ikirukia jicho inaweza kulipofusha. Dawa hiyo ikikutana moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kabla ya kuchanganywa kwenye resini, inaweza kulipuka, na kuna yadi ambako mikebe hiyo miwili inakaa rafu moja. Epoksi ikikuzoea ngozi vibaya unapata mzio wa maisha, huwezi kuigusa tena. Glavu na barakoa yenye kichujio ni pesa kidogo kuliko spika za hiyo boti. Ukipeleka kazi kwa fundi, lipia kinga yake kwenye bei. Usimwambie "fundi, punguza."

Vijana wa huku tunaambiwa kila siku tujifunze ujuzi. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa hapa Kericho, na kila mtu wa huku anajua hasira ile ilitoka wapi. Sitasema ati faiba itaajiri kila mama aliyekuwa akichuma, huo ni uongo wa wanasiasa. Lakini matangi ya maji, bodi za malori ya maziwa, bampa, boti za Kisumu, zote ni kazi ya mikono hiyo hiyo. Wengi ninaowajua walijifunzia gereji kwa kutazama, wakapimiwa dawa kwa kifuniko cha soda. Vyuo vyetu vya ufundi vinatoa mafundi wa kuchomelea kila mwaka. Miezi mitatu ya resini, mizani na barakoa ingewagharimu nini?

Mtu atasema si ununue mpya, uitupe ya zamani. Uitupe wapi? Resini ikishaganda haiyeyuki tena kama plastiki ya jagi, huwezi kuiyeyusha ufanye kiti. Ukiichoma, moshi wake utaingia kwenye mapafu ya jirani, na nyuzi za kioo zitabaki kwenye majivu. Ukiiacha shambani, wajukuu wako wataikuta. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 haiwezi kuwa inaficha boti kwenye migomba. Ngozi ya nje ya faiba ya miaka ya 1980, kama haikupasuka, bado iko na maisha. Sababu ya kuokoa boti hizi ni hiyo, mbali kabisa na mambo ya kumbukumbu na picha.

Ile ya yadini bado haijapakwa rangi. Mihimili mipya imeingia, sakafu inakuja wiki ijayo mvua ikiruhusu. Mwenyewe alipitia Jumamosi akauliza ni lini atapiga picha, fundi akamwonyesha ndoo mbili za mbao nyeusi zilizotoka chini ya viti, bado zinachuruzika. Nitaweka video ya hizo ndoo. Haina muziki. Na wewe kama unanunua boti ya mtu, au hata tangi la faiba la mtumba, nenda na shilingi 20 mfukoni na ugonge kabla hujatoa M-Pesa.