Msamaha Unaoishia Dirishani

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Ni nani hasa katika familia, haisemi. Kwetu Kaoze, Sumbawanga, ni dada yangu. Mama ana dimensia, na kwa usiku mmoja humwamsha mara sita au saba akidai haja ndogo. Choo kiko nje. Pengine wakifika, mama ameshasahau kilichowapeleka. (Watoto wa kiume tulio mijini hutuma fedha, tukasifiwa.)

Majirani husema ni uzee tu. Mimi sikubali. Haja ya mara kwa mara yaweza kuletwa na maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, hata choo kigumu kinachokandamiza kibofu. Kwa wanaume, tezi dume. Akili ikivurugika ghafla kuliko ilivyozoeleka, mkojo upimwe, kwa kuwa mgonjwa wa namna hii huenda asiweze kueleza maumivu. Kumnyima maji, kama wengi wafanyavyo kwa nia njema, hukoleza mkojo na kukikera kibofu zaidi.

Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo amesamehewa gharama za matibabu. Lakini msamaha huo haulipi nauli, haununui nepi wala sabuni. Halmashauri zinapotambua wazee na kuwapa vitambulisho, ziandike pia jina la anayekesha nao, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii afike nyumbani kumuuliza yeye naye: umelala?